Mama wa Mrehani

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majitu na sungura, bali zamani ambayo wajukuu wake bado wanatembea, palikuwa na mwanamke aitwaye Jivi katika kijiji cha Limdasar, huko Kathiawar, upande wa Gujarat. Mumewe, Devshi, alikuwa mkamua mafuta, mtu mpole asiyejua kugomba hata na ng'ombe wa kinu chake. Jivi alikosa kitu kimoja tu, mtoto. Nawaambia mapema msije mkanisumbua katikati: hakuzaa, na hadithi hii haitamzalia.

Basi kwa Wahindu wa upande ule, kumwoza binti kwa mkono wako mwenyewe ni thawabu kubwa. Na asiye na binti hakufungiwa mlango, kwa maana upo mrehani mtakatifu, wanaouita tulsi, nao ni bibi arusi. Kila mwaka mvua zikiisha, huvishwa nguo nyekundu na bangili, akajengewa banda la miwa, akaozwa kwa mungu Krishna. Bwana arusi huletwa kutoka hekaluni katika sanamu ndogo ya shaba, kwa ngoma na vifijo. Mke mmoja na mume mmoja huketi mkekani wakawa wazazi wa bibi arusi. Wakishamtoa, wamemwoza binti, hata kama maisha yao yote hawakupata kubembeleza mtoto.

Jivi aliitamani siku hiyo mpaka akaiota.

Lakini mrehani haukuwa wake tangu mwanzo. Ulikuwa wa Monghi, jirani aliyechangia naye ua. Monghi aliuleta siku alipokuja kuolewa, mche mdogo katika kitambaa kibichi, kutoka kwa mrehani wa mama yake. Akaupanda katika chungu uani. Ulipozeeka akapanda mbegu zake, na baadaye mbegu za mbegu zake. Kisha mwanawe wa kiume akapata kazi mjini Rajkot, akawaita wazazi wake huko.

"Nitunzie mwanangu," alisema Monghi akipanda gari la ng'ombe.

"Kama mboni ya jicho langu," akajibu Jivi.

Akautunza kweli. Kila asubuhi, akishaoga na kabla hajatia kitu kinywani, aliumwagia maji na kuuzunguka akiomba. Jioni aliuwashia taa ya samli. Akipika, aliuambia kilichomo chunguni. Akawa anauita Binti, na Devshi akirudi kinuni alikuwa akiuliza, "Binti kasemaje leo?" Wala hakuwa anatania.

Kikaja kiangazi kikali. Kisima cha karibu kikabaki matope. Na katika mwezi ule wa joto ndipo inapoangukia saumu kubwa, siku ambayo wachamungu hawanywi hata maji. Siku hiyo mrehani nao haumwagiwi, kwa sababu bibi arusi anafunga kwa ajili ya bwana wake. Jivi akafunga. Upepo wa moto ukavuma. Kumbe chungu cha mrehani kilikuwa kimepata ufa, na maji ya jana yote yalikuwa yamevuja! Kufika adhuhuri majani yalikuwa yamenyauka na kuinama.

Rambha, mke wa mfinyanzi, akapita na mtungi kichwani akitoka kisima cha mbali.

"Jiviben," alisema, maana kwao dada ni ben, "mpe maji huyu."

"Amefunga."

"Anakufa, dada."

"Amefunga, Rambha. Nami nimefunga naye. Mama hamvunjii mwanawe saumu."

Rambha akautua mtungi apumzike. Jivi akajilaza kivulini, kichwa karibu na chungu, na usingizi wa njaa ukamchukua. Alipoamka jua lilikuwa linashuka, na majani yamesimama! Jivi akapiga kelele za furaha, akaita mtaa mzima. Mungu ameipokea saumu yao! Habari ikaenea, na Maharaj, kuhani wa hekalu, akasema mwaka huu Jivi ndiye atakayemwoza mrehani.

Siku ikafika. Banda la miwa likasimama uani. Jivi na Devshi wakaketi mkekani, Devshi amefungwa kilemba kipya na jirani mmoja, anaogopa kugeuza shingo kisije kikafunguka. Ngoma za bwana arusi zikasikika kwa mbali. Mara gari la ng'ombe likasimama, akashuka Monghi na mumewe, na nguo nyekundu mikononi.

Maharaj akauliza, kama desturi, "Nani anamwoza binti?"

"Mimi," akasema Jivi.

"Mimi," akasema Monghi, hata viatu hajavua. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Nani alimleta huyu Limdasar? Mama yangu alimpanda, bibi yangu alimpanda. Nilisema nitunzie, Jivi, sikusema chukua. Na binti yangu wa kumzaa mnamjua, alijiozea mwenyewe huko mjini kwa karani wa reli, sisi tukaletewa habari na muuza vitunguu! Muuza vitunguu, jamani! Nisipomwoza huyu, nitamwoza nani?"

Wanawake wakaguna kwa huruma. Maharaj akajikuna sikio, akauliza tena, "Nani anamwoza binti?"

"Mimi," akasema Jivi. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Monghiben, wewe ni mkubwa wangu, nakuheshimu. Lakini ulipoondoka hukuuliza habari zake hata mara moja. Mimi nimelala naye njaa. Nilifunga naye akiwa anakufa, na Mungu akamrudisha mikononi mwangu. Mwenyewe ameshasema nani mama."

"Si Mungu peke yake, dada," ikasema sauti kwenye umati. "Na mimi nilikuwapo."

Alikuwa Rambha. Watu wote wakamgeukia.

"Ulikuwa umelala, midomo imekukauka. Nikammwagia mtungi mzima. Kidogo nikumwagie na wewe."

"Ulimvunjia saumu!"

"Nilimvunjia."

"Ungeniamsha ningekuzuia!"

"Ndiyo maana sikukuamsha."

Watu wakacheka. Rambha hakucheka. "Nilitaka kutenda wema niende zangu. Nilipoona ulivyofurahi nikasema, furaha hii isiguswe. Lakini leo mnagombea umama mbele yangu. Mimi nina wana wa kiume watupu, wanakula kama nzige, hakuna bibi arusi atakayetoka mlangoni kwangu. Na kama ningeishika desturi siku ile, leo mngekuwa mnamwoza kijiti kikavu."

Jivi aliumia. Tangu kiangazi alikuwa ameubeba muujiza ule kifuani, kwamba Mungu alimtazama yeye, Jivi, akamwita mama. Kumbe ulikuwa mtungi wa jirani. Akataka kumchukia Rambha, akashindwa, kwa sababu ndani ya maumivu yale aliona kwamba anashukuru. Anashukuru sana kuwa Rambha hakumsikiliza. Na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa tayari kumwacha Binti afe kwa kumpenda. Mama gani huyo? Lakini tena, asubuhi zile zote, taa zile zote, ni nani mwingine aliyekuwapo?

"Mke wangu," Devshi akanong'ona chini ya kilemba, "tuinuke?"

"Sijui," akasema Jivi, na machozi yakamtoka.

Mtu mmoja akasema waketi wote. Maharaj akakataa. "Mkeka ni wa wazazi wawili. Mnataka bwana arusi awe na wakwe wangapi? Atatoroka!"

Ngoma zikafika langoni. Krishna akainuliwa juu ya vichwa vya watu. Saa njema ilikuwa inapita, na Monghi, Jivi na Rambha walikuwa wakitazamana, wote watatu wakilia sasa, hata yule mwenye wana wa kiume watupu.

Maharaj akauliza kwa mara ya mwisho, "Nani anamwoza binti?"

Hapo mimi naweka mzigo chini, jamaa zangu, sasa ni wenu. Bibi arusi amekwisha kuvaa na bwana arusi hawezi kuachwa amesimama nje. Monghi alimleta, Jivi alimlea, Rambha alimwokoa. Je, nani kati yao ndiye mama yake?