Fisi Aliyewaamkia Kambale

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiazimana chumvi na kugombana kwa kelele za watoto, Nguchiro alikuwa na nyumba yake juu ya kichuguu. Nyumba yenyewe ndogo, lakini sebuleni, jamani, kulikuwa na tangi la kioo! Maji meupe pe, kokoto chini, na ndani yake watoto wa kambale wakifukuzana.

Hawakuwa wake. Nguchiro atazaaje samaki, nyie? Walikuwa wa shoga yake, Mama Kambale. Dimbwi lao lilianza kukauka, akawaleta mbio.

"Shoga, nilelee wanangu," alisema huku anahema. "Mimi nawahi mtoni kabla tope halijakauka. Hawa bado wachanga, hawawezi kutambaa nchi kavu. Mvua ikinyesha, wafungulie mlango waje. Wakipotea hawa, na mimi nimekwisha."

"Hawapotei!" akasema Nguchiro.

Basi walikuwa wadogo, wadogo hasa! Punje ya mchele ilikuwa jitu mbele yao. Lakini kila mmoja wao, hata yule wa mwisho aliyeitwa Kitinda, alikuwa na sharubu. Ndiyo, sharubu! Wewe unayecheka huko nyuma, ziweke kichwani hizo sharubu, zina kazi.

Siku moja, ngo ngo ngo!

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Mimi Fisi! Nimesikia harufu ya samaki, nimekuja na kikaango changu!"

Hata hakungoja kukaribishwa. Huyo ndani, ulimi nje, anakunja mikono ya kanzu. "Hi hi hiii! Kitoweo hiki hapa!"

Fisi yule akiegemea ukuta tu, nyumba nzima chini. Nguchiro akatazama tangi, akaona zile sharubu.

"Ala! Bwana Fisi! Unaingia mbele ya wazee hata hujawaamkia?"

"Wazee gani?"

"Hao hapo! Huoni sharubu? Wewe na utu uzima wako wote, unazo ndefu hivyo? Hao ni mababu wa mto mzima, wamezeeka mpaka wamesinyaa!"

Fisi akachungulia. Kweli, sharubu! Akaficha kikaango mgongoni. Fisi ana mabaya mengi, lakini adabu alifundishwa na mama yake kwa fimbo. Akafumba macho, akainama mpaka pua ikagusa sakafu.

"Shi... shikamooni, wazee wangu."

Bulu, bulu, bulu.

"Wamesema marahaba," akatafsiri Nguchiro.

Sasa mtu umeshampa shikamoo, utamkaangaje? Fisi akaondoka kinyumenyume.

Haya, Nguchiro akalea! Asubuhi minyoo iliyokatwakatwa, jioni kiini cha yai, maji anapunguza nusu na kuongeza mapya. Akamtenga Kitinda kwenye bakuli lake, maana kambale mkubwa akimwona mdogo hasemi huyu ni ndugu yangu, anafungua mdomo tu. Nao wakakua! Kokoto waliyopita chini yake juzi, leo hawapiti. Wakubwa wakawa kama vidole, Kitinda naye bakulini anajikongoja kuwafikia kwa ukubwa.

Nguchiro furaha ilimjaa, na hofu vilevile. Mzee aliyesinyaa anakuaje?

Na kweli, Fisi akarudi. Akaganda mbele ya kioo.

"Nguchiro! Wazee wamekua! Umeona wapi mzee anakua?"

"Si wewe huyo!"

"Mimi?"

"Uliwaamkia vizuri, roho zao zikafurahi. Mzee akiheshimiwa hunenepa. Na ungekuja na kitu mkononi, hee, ungeona! Mtu anawaendea wazee mikono mitupu?"

Fisi akaona aibu, jamani, mpaka masikio yakalala. Kesho yake huyo, na kapu la minyoo! Tangu hapo ikawa kila asubuhi: anachimba tope, anakuja, anafumba macho, pua sakafuni, "Shikamooni, wazee!" kisha minyoo chubwi! Fisi akazidi kukonda, kambale wakazidi kunenepa. Wakawa kama viganja, wakawa kama miiko, mikia inagonga kioo ko! ko!

Kitinda alikuwa akitazama yote hayo kutoka bakulini. Asubuhi moja akatoa kichwa, akakaza sauti: "Marahaba, mjukuu wangu!"

Fisi nusura alie kwa furaha. "Babu amenijibu mwenyewe!"

Lakini siku moja Korongo akamkuta topeni.

"Unachimba nini, Fisi?"

"Chakula cha wazee wa Nguchiro. Kambale wenye sharubu."

Korongo akacheka mpaka akaanguka majini na miguu yake mirefu. "Kambale? Masikini wee! Kambale anaota sharubu angali mchanga! Umekuwa ukiwapa shikamoo watoto wa kunyonya!"

Weee! Fisi akapiga ukelele, akachukua sufuria, maana kikaango hakitoshi tena, akatimua mbio. Na mbingu nazo, gugugugu! Mvua hiyo, pwaaa!

"Twendeni, wanangu!" Nguchiro akafungua mlango. "Tambaeni!"

Kambale wakaruka nje ya tangi, Kitinda nje ya bakuli lake, pwata! pwata! wakajikokota kwa mapezi yao mpaka mlangoni. Nani kasimama hapo? Fisi, miguu kaitanua, sufuria mkononi, analowa.

"Hatoki mtu! Shikamoo zangu zote mtazirudisha leo!"

Safari hii Nguchiro hila zilimwishia, akaanza kulia. Alimwahidi shoga yake.

Ndipo Kitinda, mdogo wao wote, akapenya mbele. Akanyoosha sharubu zake, akatoa sauti nzito kabisa.

"Hujambo, mjukuu wangu?"

Lo! Mazoea! Shingo ya Fisi ikajikunja yenyewe. Macho yakajifumba, pua sakafuni, sufuria ngarangara chini.

"Sijambo, babu, shikamoo!"

"Marahaba!"

Kitinda huyooo, juu ya kisogo cha Fisi! Na wengine nyuma yake, pwata pwata pwata, nyasi zimelowa, mto uleee, chubwi! chubwi! chubwi! Huko Mama Kambale aliwapokea mmoja mmoja akilia kwa furaha, na alipomwona Kitinda ndiyo akapiga kigelegele.

Fisi akafumbua macho. Mvua tu.

"Nguchiro," akauliza taratibu, "yule babu wa mwisho ana umri gani?"

"Yule? Hajawahi kuona mvua. Hii ndiyo ya kwanza."

Basi wanangu, mwenye sharubu mpe shikamoo yake, lakini umri wake kamuulize mama yake.