Shimo la Nyota Tano

Hebu wewe unayejiona mjanja, ungeingia shimoni kwa mtu usiyemjua kwa sababu tu Kasuku kasema lina nyota tano? Usijibu haraka. Wenzako waliingia.

Mwaka huo jua liliwaka kama limetukanwa. Miti ilibaki vijiti, kivuli kikawa adimu kuliko ajira. Simba, mfalme na mkurugenzi mtendaji, akazindua mpango wa kisasa: mwenye shimo ampokee asiye nalo, na mgeni ashukuru kwa viazi mwitu. Mgeni akitoka anatoa nyota, Kasuku anazitangaza. Shimo linaloaminika linapigwa unyayo wa Simba mlangoni. Verified! Nani tena aulize?

Mama Ngiri alikuwa na vitoto vitatu vilivyokwisha kuanza kuzimia kwa joto. Shimo lililobaki wazi lilikuwa moja tu, la Fisi. Lilikuwa na unyayo, tena na nyota zote tano.

"Nisomee waliolala humo wanasemaje," akamwambia Kasuku.

Kasuku akakohoa kidogo. "Bibi Ngiri wa Mto Mkavu anasema: 'Nilitanguliza kichwa, nikateleza ndani, nikalala kama malkia. Mwenyeji ni mpole na hana njaa kabisa. Nyota tano!'"

"Alitanguliza nini?"

"Kichwa."

"Ngiri gani huyo? Sisi tunaingia kinyumenyume, pembe zinabaki mlangoni kulinda! Ngiri wa kutanguliza kichwa hajazaliwa. Hayo kaandika Fisi mwenyewe. Huyo Bibi yuko wapi sasa?"

"Maoni yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri kwenye foleni."

"Foleni gani? Niko peke yangu!"

"Wewe ni wa kumi na saba."

Mama Ngiri akamwacha na foleni yake, akaenda kwa Simba na vitoto vyake. Njiani akafuatana na Sungura, mwenye shahada mbili na kazi sifuri, ambaye umbea wote huo alikuwa ameusikia.

"Mtukufu," Mama Ngiri akauliza, "shimo la Fisi ulilikagua wewe mwenyewe?"

"Mimi?" Simba akacheka. "Fisi alisema manyoya yangu yanang'aa kuliko jua. Mtu mwenye macho mazuri namna hiyo atakuwa na shimo bovu?"

Mama Ngiri alitaka kumpasukia, Sungura akamkanyaga kwato. "Tulia, Mama. Niachie." Kisha akapaza sauti: "Bosi, sisi hatuna shaka hata kidogo. Ila kuna wanahabari, wale tumbili wawili pale. Wanataka picha zako ukiwa ndani ya shimo. Sasa please, usiingie kwa mbele, watapiga makalio. Rudi nyuma polepole, sura ibaki kwenye kamera."

Simba akaongozana nao hadi mlangoni kwa Fisi, akachana manyoya kwa kucha, akaweka tabasamu, akaanza kurudi nyuma.

Ndani, Fisi aliona mkia wenye kishada mwishoni, kama wa ngiri, ukimjia gizani. Mate yakamtoka. "Karibu, Mama Ngiri," akanong'ona. "Jisikie nyumbani."

Akauma.

Simba alitoka kama risasi, Fisi akining'inia nyuma. Fisi alikwisha kuona kabisa kamng'ata nani, lakini tamaa ilikataa kuachia mnofu.

"Achia, mpumbavu!" Simba akanguruma. "Hilo ni kalio la serikali!"

"Mmoja tu, mkuu," Fisi akasema kwa meno yaliyokazwa. "Nionje tu!"

Teke moja likamrusha hadi kwenye miiba. Akakimbia huku akilia, na tumbili hawakukosa hata picha moja.

Mama Ngiri akachungulia shimoni. Kulikuwa na mifupa, na jozi nne za pembe za ngiri. Hakucheka. Akazitoa moja moja, akafagia kwa mdomo, akaviingiza vitoto vyake kwenye ubaridi. Vikafumbua macho.

Simba, ambaye kukaa alikuwa hawezi, akasema amesimama: "Suala hili ni zito. Tutaunda kamati..."

"Kamati ya nini?" Mama Ngiri akamkatiza. "Mpango ni wako, unyayo ni wako. Kesho asubuhi ukakague kila shimo ulilolipiga unyayo, kwa miguu yako mwenyewe. Lenye mifupa, ufute unyayo wako mbele yetu. Na huyo Kasuku wako apande juu kabisa, atutajie jina la kila aliyeingia na hakutoka."