Watoto Wawili kwa Kiingereza

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii ya juzi tu, serikali ilipokuwa imekwisha kupata mihuri lakini bado inatafuta wino, palikuwa na chuo cha kuwaandaa walimu wa Kiingereza kwa watu wasiozaliwa nacho. Waliofundisha hawakuzaliwa nacho, waliofundishwa hawakuzaliwa nacho, na mkaguzi aliyekuja kuwapima naye hakuzaliwa nacho. Kwa hiyo wote walikiogopa sawasawa.

Alikuwamo mwanachuo mmoja, Theonest, kijana mpole mwenye tai moja. Ili ahitimu, ilimpasa afundishe watu wazima katika kambi ya wakimbizi, kisha mkaguzi aje, akae nyuma ya darasa, atie alama. Akifeli, atarudi kwao kuchunga ng'ombe wa baba yake, nao walikwisha kufa kwa ukame.

Mkufunzi wake, Bwana Lukuba, akamwita.

"Kijana, unataka kufundisha au unataka kufaulu?"

"Vyote viwili, Mkufunzi."

"Acha ulafi. Chagua somo moja, walishe mpaka wakiota waliote hilo. Mkaguzi hasikilizi wanajua nini. Anasikiliza kama wanasita."

Somo likachaguliwa: Familia Yangu. Darasa zima likaimba jibu moja kwa Kiingereza: mimi ni mzima, nimeoa au nimeolewa, nina watoto wawili. Wajane wakasema wameolewa. Mzee mmoja ambaye hakujaliwa mtoto maishani akasema anao wawili, na siku hiyo akarudi hemani amechangamka kidogo.

Darasani humo alikuwamo Nabintu. Alikimbia vita na wanawe Byamungu na Mugisho, kisha akamzaa Nsimire humo humo kambini, baba akafa kabla mtoto hajapewa jina. Akainua mkono.

"Mwalimu, mie ninao watatu."

Amesema kwa Kiswahili! Na sheria ya chuo ilijulikana: anayesema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza huvikwa kibao shingoni, hakivui mpaka apatikane mkosaji mwingine. Mtu mzima, mama wa watu, akavikwa kibao. Akaenda nacho hadi bombani.

"Mama Byamungu, hiyo nishani kakuvisha rais gani?" wakamtania wenzake.

Akacheka nao. Kesho yake akasema wawili, bila kusita.

Mkaguzi akaja, akasikiliza, akasinzia, akatia alama za juu. Theonest akafaulu. Lukuba akapandishwa cheo.

Haukupita muda mrefu, Nabintu akaitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya mbali. Mezani alikaa ofisa mgeni. Pembeni alikaa mkalimani, Musafiri, jirani yake wa hema kwa hema. Ofisa akamjulia hali kwa Kiingereza, na Nabintu akajibu mwenyewe. Ofisa akafurahi, akamwashiria Musafiri apumzike.

"Una watoto wangapi?"

Mdomo ukatangulia, moyo ukabaki nyuma. "Nina watoto wawili."

Alipotaka kujisahihisha, Kiingereza kilikuwa kimekwisha. Kiswahili alikuwa nacho tele, lakini shingo ilikikumbuka kibao. Akamtazama Musafiri. Musafiri akatazama viatu vyake. Muhuri ukagongwa, siku hiyo wino ulikuwepo.

Jibu likatoka: safari ya mama na watoto wawili. Nabintu akakimbilia maofisini. Dirisha la kwanza likamwambia marekebisho hufanywa dirisha la pili. Dirisha la pili likamwambia mtoto asiyeandikwa hawezi kurekebishwa.

"Jamani, si huyu hapa mgongoni!"

"Tunamwona, mama. Lakini kumwona si utaratibu."

Asiposafiri, nafasi inafutwa, na Mugisho ana ugonjwa wa moyo ambao kambini hautibiki. Akisafiri, Nsimire anabaki mpaka faili lake lifunguliwe, na faili la mtoto hufunguliwa na mtu mzima anayemlea.

Kambi ile ilikuwa na desturi yake: aliyesababisha mtoto akose mama, ndiye amlee. Siku ya safari wakaitwa langoni wote waliohusika.

Theonest akasema, "Mimi nilikuwa mwanafunzi. Niliagizwa, nikatii. Mwanafunzi akikosea, aulizwe aliyemfundisha."

Lukuba akasema, "Nilimfundisha kufaulu, akafaulu. Kibao nilikikuta chuoni. Hata mimi nilivikwa nikiwa mdogo, na sikufa. Tena huyu mama sijapata kumwona mpaka leo. Nitamlea mtoto wa mtu nisiyemjua?"

Musafiri akasema, "Sheria ya mkalimani ni usiongeze, usipunguze. Niliwahi kuongeza neno moja kumwokoa mtu, nikasimamishwa kazi, wanangu wakalala njaa. Halafu kambini kila mtu hutaja watoto kwa hesabu yake. Nilidhani jirani yangu ana sababu."

"Sababu gani wewe!" akapaza sauti mwanamke mmoja. "Beseni la kumwogeshea huyo mtoto si lilikuwa lako?"

Musafiri akavitazama tena viatu vyake.

Nabintu akasema, "Mnajitetea nini? Ulimi ni wangu. Sheria zenu zote zilikuwa nje ya kinywa changu. Ni mimi niliyeona haya kusema lugha yangu mbele ya mgeni, nikamhesabu mwanangu nje. Nihukumuni. Lakini mkinihukumu nibaki nimlee, mtakuwa mmemhukumu Mugisho."

Lori linanguruma. Byamungu na Mugisho wamekwisha kupanda. Nabintu amemshusha Nsimire mgongoni, amemsimamisha chini, amemshika kiganja, na hajui akitie katika kiganja cha nani. Dereva anapiga honi. Wanaume watatu wameingiza mikono mifukoni.

Nanyi mliokaa kitako mkinisikiliza, msinitazame mimi. Kazi yangu ni kusimulia, na nimeimaliza. Semeni upesi, maana dereva hana subira: kosa ni la nani, na mkono wa mtoto yule ashikishwe nani?