Ukuta wa Nyamizi

Mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi, alikuwa na nyumba ya udongo aliyoachiwa na mama yake, na mama yake naye aliachiwa na mama yake. Ilikuwa nyumba nzuri. Lakini ukuta mmoja, ule wa upande wa jikoni, ulikuwa ukitoa maji. Chini ya msingi palikuwa na chemchemi ndogo ambayo hakuna aliyeichimba na hakuna aliyeweza kuiziba. Kiangazi ukuta ulikauka, ukafanana na kuta nyingine. Mvua zikianza ulilowa na kuvimba, na udongo ukadondoka mpaka fito zikaonekana. Nyamizi alichanganya udongo na samadi akaukandika upya, kama mama yake alivyomfundisha. Mama yake alimfundisha huku akimwomba radhi, kana kwamba maji yale aliyamwaga yeye.

Majirani walikuwa watu wema. Hilo naomba mlisikie vizuri. Kila masika walikuja kumsaidia kukandika, na hakuna aliyeitwa akakataa. Lakini kwa kuwa ukuta ndio uliowaleta, ukuta ndio waliousalimia. Katika kijiji kile mtu hapiti mlangoni kwa mwenzake bila kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Kwa Nyamizi walizoea kuuliza moja tu: ukuta unaendeleaje? Waliuliza hata kiangazi. Waliuliza kisimani. Waliuliza harusini, alipokuwa amevaa kitenge kipya alichokishona mwenyewe. Walikuja wakaugonga kwa vidole, wakaunusa, wakashauriana. Mmoja alimwambia aongeze majivu, mwingine akamlaumu kwamba hakanyagi udongo vya kutosha. Alikuja hata shangazi wa kijana mmoja aliyempenda Nyamizi. Akaweka kiganja ukutani, akakifuta kwenye kanga yake, akaaga kwa upole, na kijana hakuonekana tena.

Nyamizi naye akajifunza kuujibia ukuta. Haujambo, alisema. Leo umelowa kidogo. Akaacha kutandika mkeka wa wageni, maana wageni hawakuwa wakikaa. Akaacha kuimba alipotwanga. Habari zake mwenyewe hakuzisema kwa sababu hazikuulizwa, na mwishowe hakujua tena kama anazo.

Kikaja kiangazi ambacho ukuta ulikauka kuliko miaka yote. Watu wakampongeza. Na katika kiangazi hicho hicho moto wake wa jikoni ulianza kufifia. Mwanzo aliuwasha kwa kuchelewa. Kisha akawa anakula kiporo. Kisha akawa anakaa tu, akiyatazama mafiga yaliyopoa. Ukuta ulikuwa mzima, na mwenye nyumba alikuwa anazimika ndani yake, na hakuna aliyeona, kwa kuwa macho yote yalikuwa ukutani.

Asubuhi moja jirani yake, Minza, alikuja na kigae kuomba kaa la moto, kama wanawake wa pale wanavyoombana. Alipoinama jikoni akakuta majivu, na majivu yalikuwa baridi. Nyamizi, bila kuulizwa, akaanza kumweleza kwamba ukuta umekauka vizuri. Minza hakuutazama. Alikiweka kigae chini, akakaa sakafuni pasipokuwa na mkeka, akauegemea ukuta ule ule kwa mgongo, ili awe anamwona Nyamizi tu.

“Ukuta nauacha, dada,” akasema. “Nimekuja kwako. Wewe, hujambo?”

Nyamizi alifungua kinywa aseme haujambo, akagundua kwamba safari hii aliyeulizwa ni yeye. Akalia. Kisha akasema, na maneno yalikuwa mengi. Alisema habari za yule kijana. Alisema habari za mama yake, ambaye hata siku ya mwisho aliomba radhi. Alisema anaogopa kuzaa binti wa kumwachia nyumba ile, na anaogopa pia kutomzaa. Minza hakumshauri lolote. Jua lilipopanda walikwenda pamoja kuomba moto nyumba ya jirani, na Nyamizi alipouwasha wake, akampa Minza kaa alilokuja kuomba.

Minza alirudi na udongo mgongo mzima. Wanawake wa kisimani wakamcheka, wakamuuliza kama siku hizi ameolewa na ukuta. Mmoja akauliza: na ukuta wenyewe unaendeleaje? Minza akajibu kwamba hajui, alikuwa ameupa mgongo.

Msidhani maji yalikoma. Mvua ziliporudi ukuta ulilowa kama zamani, na Nyamizi akaukandika kama zamani. Ila safari hii alikandika akiimba, na kazi ilipokwisha alitandika mkeka, na aliyetaka kuuliza habari za ukuta ilimbidi kwanza akae, anywe uji, aulize habari za mwenyeji.

Wapo dada kati yetu waliozaliwa na ugonjwa uliokuwa katika damu ya wazazi wao kabla wao hawajapewa jina. Hawakuuchimba, na hawawezi kuuziba. Tunawauliza habari za damu, za maumivu, za dawa, na tunafanya vema kuuliza. Lakini nawaomba leo, mkifika nyumbani, kila mmoja ajiulize: yule ambaye naujua ukuta wake vizuri hivi, ni lini mara ya mwisho nilikaa nikamtazama yeye?