Daftari la Tasiani Mlelwa

Mchagua kalamu hukosa msomaji. Asubuhi mmemsikia mwalimu akimtupia mwenzenu methali hiyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilitoka wapi. Wengi hudhani ni mdogo wa ile ya mchagua jembe si mkulima. Sivyo. Hii ina watu wake, na chanzo chake ni hiki.

Kule Njombe aliishi mzee Tasiani Mlelwa, mtunza stoo mstaafu wa kiwanda cha miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kwa miaka thelathini hakupokea mzigo wa magome bila kuupima mara mbili, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuipima dunia hivyo hivyo. Hakununua kofia kabla hajazunguka soko zima.

Dada yake mkubwa, Eufrasia, aliolewa Songea angali binti mdogo. Mama yao alipougua ugonjwa wa mwisho, Eufrasia alikuwa huko mbali na mtoto mchanga. Aliyekaa kando ya kitanda alikuwa Tasiani. Kwa wiki tatu mama alisimulia jinsi alivyomfuata mume wake aliyekwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, njia yote ile, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Eufrasia. Naye Eufrasia alipofika kutoka Songea, udongo wa kaburi la mama ulikuwa umekwisha kukauka.

Miaka ikapita, wote wawili wakazeeka. Siku moja Eufrasia akapiga simu.

"Tasi, daktari ameniambia ni presha ya macho. Huku pembeni sioni tena. Kati ndiko kumebaki, nako kwa mwaka mmoja tu, pengine na kitu."

"Pole, dada."

"Pole nimezipata nyingi. Nakuomba kitu. Niandikie yale aliyosema mama. Yote."

"Si nikusimulie tu? Hata sasa hivi."

"Ya kusikia hunitoka. Kusoma ulinifundisha wewe mwenyewe, ule mwaka niliokuja nyumbani kujifungua. Ulikuwa ukitoka masomo ya jioni na chaki mfukoni, unaniandikia herufi mlangoni. Nataka niyasome na macho yangu, nikiwa peke yangu, nirudie ninapotaka."

Tasiani alikata simu. Usiku ule mama yake alimjia karibu kuliko miaka yote. Akaapa kwamba kazi hiyo haitakuwa ya ovyo. Habari za mama hazikufaa kuandikwa kama orodha ya misumari. Zilitaka chombo cha kisasa, herufi safi, kitu cha kudumu. Akawauliza wanawe walioko mjini.

"Baba, chukua laptopu," alisema Gaudensi. "Kuandika ni kibodi. Kwenye kishikwambi utakuwa unadonoa kioo kama kuku."

"Kuku ni wewe!" akadakia Belina, simu wakiwa wameiweka katikati yao. "Baba, laptopu nzito, inataka meza, na umeme wa huko unaujua. Kishikwambi unakaa nacho jikoni penye moto, herufi unazikuza upendavyo."

Tasiani akaona wote wana haki, na palipo na haki mbili mtunza stoo hupima. Akachukua daftari kubwa, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja laptopu, upande wa pili kishikwambi. Aliazima laptopu ya katekista mwezi mzima. Akaandika kwamba vitufe vyake vinamkumbusha taipureta ya ofisini, lakini feni yake inakoroma. Akaazima kishikwambi cha jirani aliyekuwa mwalimu. Akaandika kwamba ni chepesi, lakini vidole vyenye baridi ya Juni hakivisikii. Akaenda madukani, akauliza, akarudi, akaandika. Ukurasa ulipojaa alifungua mwingine.

Eufrasia hakuacha kupiga simu.

"Imefika wapi?"

"Dada, niko kwenye uchaguzi."

"Wa diwani?"

Wakacheka. Mara nyingine alisema, "Leo gazeti nimelisoma kwa kuligeuzageuza." Na mara nyingine, "Tasi, siku hizi nasoma vichwa vya habari tu." Kila alipoisikia sauti ile, Tasiani aliona mkono wa mama juu ya shuka, akaazimia kesho aamue. Kesho alipata swali jipya la kupima.

Viazi vilipandwa, vikachimbwa, vikapandwa tena. Hatimaye akanunua laptopu, akapanda basi la Songea akiwa ameipakata. Alitaka aandike akiwa huko huko, kurasa zikitoka dada anazipokea.

Alimkuta kibarazani. Eufrasia aligeukia sauti ya hatua, siyo mtu.

"Ni wewe, Tasi? Umeleta?"

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Sioni tangu Pasaka. Umeleta kurasa ngapi?"

Tasiani akasema kweli. Alisema habari za laptopu na kishikwambi, za feni na vidole, na jinsi alivyopima kila jambo kwa uangalifu na kuliandika.

"Uliliandika wapi?"

"Kwenye daftari."

"Limejaa?"

"Limejaa, dada. Kurasa mia mbili."

"Kwa kalamu gani?"

"Hii hii ya wino, ya dukani."

Eufrasia hakupaza sauti. Mkaza mwana wake, aliyekuwa akimenya mihogo hapo chini, ndiye aliyeyashika maneno yale na kuyatembeza mtaani hadi yakatufikia sisi.

"Ndugu yangu," alisema, "mchagua kalamu hukosa msomaji."

Tasiani hakurudi Njombe. Alinunua daftari jipya pale Songea, akaandika kwa kalamu ile ile siku kumi na tisa. Kisha akaketi karibu na dada yake, akaanza kumsomea. Eufrasia alisikiliza bila kutikisika mpaka yakafika maneno aliyoyasema mama siku mbili kabla ya kufa: Mwambieni Eufrasia sikumwozesha mbali kwa kumchoka.

"Rudia."

Akarudia.

"Liko wapi neno hilo? Juu ya ukurasa au chini?"

"Katikati, dada."

"Niwekee kidole."

Tasiani akakishika kidole cha dada yake, akakiweka mwanzoni mwa mstari. Eufrasia akakipeleka taratibu hadi ukingoni mwa karatasi, akakirudisha, akakipeleka tena, midomo ikicheza kama ya mtu anayeunganisha herufi. Karatasi ilikuwa laini tu.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, wazee wakasema: mchagua kalamu hukosa msomaji.