Nywele Zilivyopandwa Kichwani

Zamani hizo, wajukuu zangu, kabla chanuo la kwanza halijachongwa, binadamu hakuwa na unywele hata mmoja. Mwili mzima ulikuwa laini kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Mbuzi alikuwa na manyoya yake, hata kiwavi alikuwa nayo, lakini mtu alitoka asubuhi kwenye ukungu wa milima ya Upare na kichwa kitupu, meno yakigongana.

Watu wazima walivumilia. Waliokufa ni watoto. Baridi iliwaingia utosini, pale panapodundadunda, na wengi hawakuuona msimu wa pili. Nakijwa, mkulima wa ulezi, alikuwa ameshazika wawili. Alipojifungua wa tatu, msichana, hakuthubutu hata kumpa jina; alikaa kutwa amemfunika utosi kwa kiganja, hata jembe hakushika. Alijaribu kumbandika sufu ya kondoo kwa ulimbo. Mvua ya kwanza ikaibandua, ikabaki inaning'inia shingoni.

Basi akambeba mwanawe mpaka shambani, akapiga magoti. "Mama Ardhi, wewe mgongo wako una majani na hutetemeki. Nigawie mwanangu."

Ardhi akamhurumia. "Majani yangu hayakubandikwa, binti yangu. Kila jani lina kishimo chake, na chini ya kishimo yupo mama yake, analilisha na kulisukuma juu. Nitakupa mbegu. Chimba vishimo kwenye ngozi, damu itazinywesha. Ila usifukuefukue."

Akamjaza viganja kwa mbegu nyeusi, ndogo kuliko za mchicha.

Nakijwa akarudi nyumbani, na moyo ukamwishia njiani. Atamchomaje mwiba mtoto mchanga? Akaona aanze na kichwa chake mwenyewe. Mama mkwe wake, Nanzighe, akamkuta uani na mwiba mkononi, damu inamchuruzika shavuni.

"Makubwa haya! Ulezi umekushinda, sasa unalima kichwa?"

Nakijwa alitoboa, akatia mbegu, akafukia kwa kidole. Nyingine zilimponyoka zikamwangukia mikononi na miguuni, ndiyo maana huko nywele ni chache chache tu.

Lakini mkulima ana ugonjwa wake. Mbegu ikikawia kidogo, ukucha unamwasha, anataka kufukua aone kama imechipua. Nakijwa alikuwa hivyo hivyo. Alipohisi vichipukizi kichwani, na ndani anamsikia mtoto akikohoa, subira ikamwisha. Akakishika kimoja akakivuta.

Lo! Machozi yalimtoka. Kwenye ncha ya ule unywele palikuwa na kitone cheupe, kama mzizi mchanga. Akaketi chini akalia, si kwa maumivu sasa, bali kwa kujua kwamba ameharibu alichokatazwa, na amemponza mwanawe.

Bado analia, pale alipong'oa pakamwasha tena. Akapapasa. Unywele mwingine ulikuwa unachungulia. Yule mama wa chini hakuwa ameondoka. Alikuwa amempoteza mmoja, naye yumo gizani anasukuma mwingine.

Hapo Nakijwa akafuta machozi, akaenda kumchukua mtoto. Nanzighe alimpakata mjukuu wake mwenyewe, dhihaka zote zimemwisha, na Nakijwa akapanda. Mtoto alilia sana, kisha akalala. Ukungu wa msimu uliofuata ulimkuta na kichwa cheusi, chenye joto, na kikohozi hakuna.

Ila bibi ni bibi, hakuamini. "Hata sufu ya kubandika ilitudanganya," alisema, akachukua kisu akazinyoa zote. Mtoto alicheka tu, maana hakusikia uchungu wowote. Wanawake wale wawili wakangoja, kila mmoja akimpapasa kwa siri mwenzake asione. Zilipochomoza tena, nzito kuliko za kwanza, Nanzighe akamwinua mtoto juu, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje.

"Huyu amekuja kukaa! Njooni tumpe jina!"

Msichana yule alikua akazaa, na wanawe walikuja duniani na mbegu tayari ngozini.

Na tangu siku hiyo unywele hutoka ndani, kila mmoja na kishimo chake. Ukiukata haujali, ukiung'oa utalia wewe. Viganja vilivyobeba mbegu vilibaki vitupu. Na mtoto akinyolewa nywele alizozaliwa nazo, bibi yake hapitishi asubuhi bila kumpapasa kichwa, awe na shughuli gani, mpaka vidole vyake vikutane na vichipukizi vile vidogo vinavyopanda kutoka chini.