Hesabu ya Majeshi ya Kharjani na Zumurani

Wamepokea waliopokea kwa wazee wao, na Mola ndiye mjuzi zaidi, ya kwamba nchi ya Zumurani ilitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Faraji, na nchi hiyo ilikuwa ndogo, hata mtu akisali alfajiri kwenye mpaka wa magharibi akatembea bila haraka, sala ya alasiri humkuta kwenye mpaka wa mashariki, na askari wake walikuwa mia tisa. Na ng'ambo ya milima ilikuwako nchi ya Kharjani, ambayo msafiri huivuka kwa miezi mitatu, na mtawala wake, Sultani Kahtani, alikuwa na askari laki moja na elfu ishirini, na farasi elfu kumi na mbili, na ndovu wa vita mia nne.

Basi siku moja mjumbe wa Kharjani aliingia barazani kwa Sultani Mundhiri, akafungua waraka, akasoma: "Ama baada ya salamu, nipe funguo za mji wako, na binti yako Nasuha awe mke wangu, na ukikataa, baada ya siku arobaini nitakuja mwenyewe kuvichukua." Akaukunja waraka, akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Waziri Sabiti akasema, "Bwana wangu, mia tisa kwa laki si vita, ni kafara. Toa ulichoombwa."

Amiri wa jeshi, Ghazwani, akashika upanga wake na kusema, "Afadhali tufe sote."

Ndipo Nasuha, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, "Baba, kama hesabu ni hiyo, mimi nitakwenda, nchi isiangamie kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini hesabu hiyo, nani aliyehesabu?"

Wakatazamana. Kila mmoja aliipata kwa wajumbe wa Kharjani wenyewe. Sultani akaamuru ipigwe mbiu ya mgambo mjini, kwamba ajuaye idadi ya kweli ya majeshi hayo mawili aje barazani.

Na katika mji huo alikuwako fundi wa matandiko ya farasi, jina lake Mujibu, na wiki hiyo alipokuwa akifumua tandiko kuukuu alikuta pete ya shaba chini ya ngozi, na alipoisugua ayasome maandishi yake, karakana ilijaa moshi, na mbele yake akasimama jini kichwa chake kimegusa dari.

"Labeka, ewe mwenye pete!" akanguruma. "Mimi ni Kurtubani, mhesabu wa majeshi ya Nabii Suleimani. Siui, wala sijengi kasri, wala sileti dhahabu. Mimi nahesabu, na siwezi kusema uongo."

Mujibu alisikitika kidogo, kwa kuwa paa la nyumba yake lilikuwa likivuja. Lakini alipoisikia mbiu akaitia pete kidoleni, akaenda barazani.

Akaisugua pete mbele ya watu wote, na jini alipodhihiri, Sultani akauliza, naye akataja laki moja na elfu ishirini, na farasi, na ndovu, asipunguze hata mmoja. Waziri Sabiti akalia. Mujibu akabusu ardhi na kusema, "Ewe mfalme, niruhusu niulize kifundi. Kurtubani, farasi wangapi wa Kharjani wanaweza kupandwa leo?"

"Elfu tatu. Waliobaki wana vidonda mgongoni."

"Na askari wangapi wanaweza kuondoka kuja huku?"

"Elfu thelathini. Elfu tisini wanalinda mipaka mingine, na miji isiyompenda Kahtani."

"Na njiani maji yapo?"

"Kisima kimoja, kinachotosha watu elfu tatu kwa siku. Baada yake ni korongo, ambalo watu wawili tu hupita sambamba."

Amiri Ghazwani akaruka kwa furaha, akasema, "Basi tutashinda!"

"Mwaka huu mtashinda," jini akamjibu, "na mtazika watu mia tano. Mwaka wa pili atakuja tena, nanyi mtakuwa mia nne. Nayo mia tisa yenu, mia mbili ni wazee wasioweza kupanda mlima."

Amiri akainamisha kichwa, kwa maana aliwajua wazee hao mmoja mmoja, na hakuwa na moyo wa kuwaondoa jeshini.

Sultani Mundhiri akasema, "Vita sitaki, na binti yangu simtoi. Mujibu, nenda ukamsomee Kahtani hesabu hii." Nasuha akasema kutoka nyuma ya pazia, "Wewe fundi, ukiogopa sema, hakuna atakayekulaumu." Mujibu akajibu, "Naogopa, bibi yangu, lakini nitakwenda."

Akasafiri siku tisa, akafika Kharjani, na Sultani Kahtani alipoisikia hesabu, na habari ya pete iliyoitoa, alighadhibika, akaita mnyongaji, akasema, "Kwanza nipe hiyo pete!" Mujibu akaivua akampa.

Kahtani akaisugua na kusema kwa kiburi mbele ya mawaziri na maamiri wake, "Ewe jini, waambie hawa, siku nitakapoanguka kwenye farasi mbele ya adui, askari wangapi watasimama kunilinda wasikimbie?"

"Wanne," akajibu Kurtubani, "na mmoja wao ni mpishi."

Uso wa Kahtani ukasawijika, akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule Mundhiri?"

"Mia saba. Na wale wazee mia mbili wangependa kusimama pia, ila miguu yao haitawafikisha."

Sultani Kahtani akawatazama maamiri wake, nao wakatazama mazulia. Kisha akamwamuru mnyongaji atoke, akaandika mkataba wa amani wa miaka hamsini kwa mkono wake mwenyewe, na pete akaitupa miguuni pa Mujibu, akasema, "Ichukue. Mfalme hawezi kulala nyumba moja na kitu hiki." Na huko njiani Mujibu akamwachia huru Kurtubani, naye akapaa, na huko juu alisikika akihesabu mawingu.

Aliporudi, Sultani Mundhiri alimpa shamba la mikomamanga na nyumba ya mawe, akamuuliza Nasuha kama amridhia fundi, naye akasema, "Aliogopa akaenda. Namridhia." Ikafungwa ndoa, na wakaoana kwa heri.

Na Zumurani haikukua, wala Kharjani haikupungua, na milima ilibaki palepale katikati yao. Ila wenye busara wa nchi zote mbili, mtu akiwatisha kwa jeshi kubwa, walijifunza kumuuliza: kubwa wapi, na siku gani?